Nimempiga Mara Mbili

Kanamkemer, Lodwar

Lado, ndugu yangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Mara ya kwanza niliandika, "Tangu ulipokufa," kisha nikalikata neno hilo kwa kalamu nyekundu. Mtu hufa kwa homa, au kwa uzee. Wewe uliuawa. Kitenzi hicho kina watendaji, nami nawajua kwa nyuso zao. Baadhi yao hukutana nami Kakuma, wakaniambia, "Ejok, Mwalimu," nami huitikia, kwa sababu nililelewa kuitikia salamu.

Kamera yako iko mezani mbele yangu. Nimeifuta damu, lakini katika ngozi ya nje limebaki doa ambalo halitoki. Pembe moja imebonyea pale jiwe lilipoipata. Hata hivyo, nikibonyeza kitufe, mlango wake bado unafunguka wenyewe, na ule mvukuto mweusi unaobeba lenzi, uliouziba matundu kwa raba ya tyubu ya baiskeli bado unajitokeza na kusimama imara.

Nakuandikia kwa mambo mawili. La kwanza ni habari ya jina lako, maana ulizikwa ukiitwa muuaji wa kijana wa watu. La pili ni kosa langu, ambalo hukupata nafasi ya kulisikia, na ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Keji mke wako.

Unakumbuka siku ya kwanza ulipoingia darasani kwangu? Nilikuwa nimestaafu, nikaombwa kuwafundisha watu wazima Kiswahili huko Kakuma, katika kambi yenu ya wakimbizi. Nilimtaka kila mmoja ataje kazi yake. Uliposimama ulisema, "Mimi natoa sura ya watu, ustaz." Darasa zima liliangua kicheko. Yule mama Mkongo aliyekaa karibu na mlango akakuuliza, "Ukimutosha mutu sura, baba, atabakia na nini?"

Ulikunjua kamera ukatuonyesha. Ndipo nilipofahamu kwamba katika Kiarabu chenu cha Juba sura ni picha. Nilikusahihisha papo hapo. Nilikwambia kwamba katika Kiswahili sura ni uso, na uso wa mtu hautolewi. Sema kupiga picha.

"Piga? Kama piga mtu?"

Nikakujibu kwamba watu hupiga simu, hupiga pasi, hupiga hodi, wala hakuna anayeumia.

"Kwetu neno ya kupiga iko na damu, ustaz."

Nami nikasema, "Neno la kupiga lina damu." Ukarudia vizuri, sauti yako ikiwa juu, "Neno la kupiga lina damu." Nikakusifu.

Baada ya hapo tukabadilishana ualimu. Asubuhi nilikuwa mwanafunzi wako, alasiri wewe ulikuwa wangu. Ulikuwa mkali kunizidi. Ulinikataza kuvuta filamu kabla ya kuikunjua kamera, kwa sababu mvukuto unapotoka huvuta hewa, na hewa huinyanyua filamu isikae bapa, na picha ikatoka imelegea. "Fungua kwanza. Vuta baadaye. Piga. Kunja." Na ile namba inayoonekana katika kidirisha chekundu mgongoni mwa kamera, ulisema, ni namba iliyokwisha kazi, kwa kuwa mpya huvutwa wakati mtu amekwisha simama mbele yako. Mara moja nilisahau kuvuta, nikampiga mke wangu picha juu ya picha ya ngamia. Ulicheka hadi ukakaa chini mchangani. "Mama amepanda ngamia, ustaz, na ngamia amevaa miwani!" Picha hiyo ninayo. Mke wangu ameificha mara tatu, nami nimeitafuta mara tatu.

Ulinifundisha kukadiria umbali kwa hatua, kwa kuwa kamera ile haina cha kukupimia. Ulinifundisha kuikunja kila baada ya picha, hata kama utaifungua tena baada ya dakika mbili, kwa sababu vumbi la Kakuma haliombi ruhusa. Ikishakunjwa ni kisanduku cha chuma tu, kizito, kinachojaa kiganjani.

Nami nilikufundisha nini? Nilikufundisha kutorudia maneno. Katika insha yako uliandika, "Nilimpiga picha, ile picha nilimpiga ilikuwa picha ya harusi." Nilikata "picha" mbili kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni: Msikilizaji amekwisha kujua. Kiambishi kinatosha. Ulilishika somo hilo kuliko wanafunzi wote niliowahi kuwafundisha. Kutoka hapo, mtu akikuuliza kama umemaliza kazi kwa fulani, ulijibu kwa fahari, "Nimempiga." Ukanitazama, nami nikatabasamu.

Sasa nifike siku yenyewe.

Tulikwenda pamoja kwenye soko la mifugo, ng'ambo ya laga, ule mto mkavu wa mchanga. Watu wa pale walitoka mbali. Hawakuwa watu wa kambini waliozoea kukuita, wala watoto wale waliokukimbilia wakipiga kelele, "Sura! Sura!" Ekiru, yule kijana mchungaji, alikuja mwenyewe kukuomba picha pamoja na beberu wake mweusi. Alikataa kumuuza, alikataa kumbadilisha, alitaka tu aonekane naye. Ulihesabu hatua nne. Ukafungua, ukavuta namba tano, ukapiga. Beberu akageuza kichwa. Ekiru akamtukana kwa Kiturkana matusi mazuri ambayo sitayaandika, sote tukacheka. Ukavuta namba sita, ukapiga tena. Ukakunja. Ilikuwa saa nne.

Tulikuwa hatujamaliza chai tuliposikia ukemi. Ekiru alikuwa amelala kifudifudi ndani ya laga, kisogo kimepasuliwa kwa pigo moja, mchanga umelowa, nzi wamekwisha fika. Beberu hayupo. Watu walikuja mbio kutoka kila upande, wanaume wameshika rungu zao, wanawake wanalia. Mtu mmoja mrefu alitutazama sisi tuliokuwa wageni, akauliza kwa Kiswahili, "Nani alikuwa na huyu kijana mwisho?"

Lado, uliinua mkono. Uliinua mkono kama ulivyokuwa ukiinua darasani.

"Mimi. Nimempiga saa nne, pale kando ya mti. Nimempiga mara mbili."

Hapa ndipo penye kosa langu. Nilikuwa nimesimama hatua sita kutoka kwako. Niliisikia sentensi ile, na kitu cha kwanza kilichonijia moyoni hakikuwa hofu. Kilikuwa furaha. Kiambishi kilikuwa mahali pake, wakati ulikuwa sahihi, hapakuwa na neno la kuongeza wala la kupunguza. Nilitikisa kichwa kwa kuridhika. Maiti ilikuwa miguuni petu, nami nilikuwa nakupa alama.

Yule mrefu akauliza, "Umempiga na nini?"

Ukainua kamera iliyokunjwa. "Na hii."

Mungu anisamehe, nilifikiri: si "na hii", ni "kwa hii".

Jiwe la kwanza likakupata mdomoni.

Niliona meno yako yakianguka. Niliona yule mrefu akikupiga rungu ya goti, nawe ukashuka upande mmoja. Mtu akapaza sauti, "Hicho ndicho chuma alichomuulia! Mnyang'anyeni!" Hukukubali kuiachia. Uliikumbata kifuani, ukajikunja juu yake. Wakakupiga mgongoni, kwenye mbavu, kwenye mikono, na kila pigo lilikuwa na sauti yake. Mama mmoja muuza ugoro alikuja na kigoda chake akakipasua kichwani mwako, akarudi kuokota vipande. Palikuwa na mwanamume mmoja mwenye shati la bluu. Nilimfundisha darasa la sita. Alikuwa na mwandiko mzuri. Alikuponda vidole kwa jiwe, kidole kimoja kimoja, ili uiachie kamera.

Ulipiga kelele. Ulirudi kwenye neno lako: "Sura! Sura! Mimi natoa sura!" Hapakuwa na mtu aliyelijua. Nami nikapiga kelele, "Picha! Amempiga picha!" Nililisema kwa Kiswahili na kwa Kiturkana, nikavuta nguo za watu, hadi fimbo ikanivunja mtulinga nikaanguka. Nilikuwa nimechelewa. Nilipoinuka walikuwa wamechoka, wanapumua kwa nguvu, wanafuta mikono mchangani. Uso wako haukuwapo tena. Yule mama Mkongo aliuliza mzaha tu, na sote tulicheka.

Nilikugeuza kwa mkono mmoja uliobaki mzima. Kamera ilikuwa chini yako, imekunjwa. Polisi walipofika, askari mmoja aliitazama, akasema ni chuma kibovu, akanirudishia.

Jioni ile walichoma kibanda chako. Sanduku la negativu zako zote liliteketea. Harusi, ubatizo, vitambulisho, wazee waliokwisha kufa, vyote vilitoa moshi mweusi ambao Keji anasema ulikaa kooni mwake siku tatu. Kisha ndugu zake Ekiru wakapeleka ujumbe kwamba damu ya mgeni mmoja haiwatoshi, na kwamba wewe ulikuwa na mtoto. Niliwachukua Keji na mwanao Poni alfajiri, tukapanda gari la mizigo hadi Kanamkemer. Wamekaa nyumbani kwangu tangu siku hiyo. Mara tatu wanaume walikuja langoni. Hawakubisha. Walikwaruza mabati kwa ncha za fimbo kutoka pembe hii hadi pembe ile, mchana kweupe, wakaenda zao. Poni alikuwa akijificha chini ya kitanda changu pamoja na viatu vyangu.

Keji alisema, "Ustaz, hawa watarudi."

Nilijua watarudi. Nilijua pia kwamba ndani ya kile chuma kibovu mlikuwa na filamu, na kwamba kidirisha chekundu kilionyesha namba sita.

Ningeipeleka Nairobi, lakini niliogopa kuitoa mikononi mwangu. Niliamua kuisafisha mwenyewe, kwa dawa ulizoniachia na kwa mtulinga ambao ulikuwa haujaunga. Unajua maji ya Lodwar hutoka mferejini yakiwa ya moto. Niliyakumbuka maneno yako kwamba maji ya moto huvua picha kutoka kwenye filamu kama ngozi ya maziwa. Niliyatia mtungini, nikauzungushia gunia lililolowa, nikasubiri siku nzima hadi yakapoa. Niliingiza mikono katika ule mfuko wako mweusi usiopitisha mwanga, ulioniachia pamoja na dawa, nikaikunjua filamu kwa kupapasa. Filamu ilinikwama mara mbili, nikasikia ikijikunja, na nilijua kwamba nikiikunja vibaya namba tano na namba sita zitagusana na kuharibika, na Poni atauawa kwa sababu ya vidole vyangu. Keji alikaa kando yangu akihesabu dakika kwa sauti.

Nilipoivuta kutoka majini, niliiinua kuelekea dirishani. Namba saba na namba nane zilikuwa tupu, safi kama kioo. Namba sita alikuwapo Ekiru, anacheka. Namba tano alikuwapo Ekiru, na beberu amegeuza kichwa. Keji aliketi sakafuni akalia kwa mara ya kwanza tangu tulipokuzika.

Negativu zako ni kubwa. Sikuhitaji kuzikuza. Nilizilaza juu ya karatasi chini ya kioo, nikazichapa jinsi zilivyo.

Kisha tukaenda kwa mzee Eregae, baba yake Ekiru. Nilimwambia Keji abaki. Akanijibu, "Wakitaka kuua, waue mimi pale kwao. Mimi sitangoja mlangoni kama kuku." Sikusahihisha kitu.

Tulipofika, wana wa mzee walisimama na fimbo. Mmoja alimshika Keji nywele, akampigisha magoti. Mwingine aliniwekea ncha ya mkuki hapa, chini ya kidevu, na bado nina alama. Nilizungumza na mzee kwa Kiturkana. Nilimweleza kwamba katika Kiswahili neno la kumpiga mtu na neno la kumpiga picha ni moja, na kwamba mimi ndiye niliyemfundisha marehemu kuiacha picha nje ya sentensi. Kisha nikazilaza picha mbili juu ya ngozi aliyoikalia.

Mzee hakuwa na picha ya mwanawe hata moja. Alizitazama kwa muda mrefu. Aliweka kidole juu ya ya kwanza, akahesabu. Akakiweka juu ya ya pili, akahesabu. Akawauliza wanawe, "Ndugu yenu alikuwa na majeraha mangapi kichwani?"

Wakajibu, "Moja."

"Na yule mgeni alisema alimpiga mara ngapi?"

Yule aliyemshika Keji aliachia nywele zake.

Kisha mzee akainamia picha namba sita. Ulikuwa umepima hatua zako vizuri, Lado. Sikio la beberu lilionekana wazi, mikato mitatu upande wa kushoto, na ule wa chini umeingia ndani zaidi. Mzee mwenyewe ndiye aliyeikata mikato hiyo, alama ya mifugo yake. Akasema, "Huyu yuko wapi?"

Walimpata baada ya siku mbili, katika boma la rika mwenzake Ekiru, mtu aliyekuwa akimtaka beberu huyo tangu kiangazi. Beberu alikuwa amefungwa nyuma ya kuni. Sitakuficha yaliyofuata, maana hukupenda picha zilizopakwa rangi. Walimburuta mtu yule nje wakimshika miguu, kichwa kikigonga chini. Walimpiga kama walivyokupiga wewe. Yule mwenye shati la bluu alikuwapo, na alipiga kwa nguvu kuliko wote. Nami nilisimama nikatazama. Nilifurahi. Walipomtoboa jicho, nilisikia sauti ile ile niliyoisikia juu ya mgongo wako, na ndipo nilipopiga kelele, "Basi! Inatosha!" Safari hii mzee Eregae alipiga kelele pamoja nami, na watu humsikiliza. Polisi walimchukua akiwa hai. Alikiri. Jicho lake sikulirudisha.

Jumapili iliyofuata mzee Eregae alikuja kwenye kaburi lako. Alikuja na wanawe wote, na watu wa soko wakaja kuona. Alisema kwa sauti kwamba hukumuua mwanawe. Akatema mate ya baraka juu ya udongo, akaweka tumbaku kidogo kichwani pako. Ningependa uwe umesikia. Yule mwenye shati la bluu alikaa mbali, amejishika vidole. Kesi ya waliokuua inaendelea. Nimeandika ushahidi wangu, na nimeandika kila neno la sentensi zangu.

Lakini ushahidi ule unauliza nilichokiona, hauulizi nilichokifikiri. Kwa hiyo nimekuandikia wewe. Sekunde moja, Lado. Nilikuwa na sekunde moja kabla ya swali la pili, na sauti yangu ilikuwa ingali nzima, na ningeweza kusema neno moja tu, nami nikaitumia kukupa alama.

Nimeweka filamu mpya. Juzi Poni alinijia uani akiwa amevaa sare ya shule, akasimama penye mwanga kama ulivyomzoeza, mikono ubavuni. Akaniambia, "Ustaz, nitoe sura."

Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni mwangu. Nilihesabu hatua nne. Nilifungua, nikavuta, nikapiga. Mkono ulikuwa thabiti.

Nikamjibu, "Nimekutoa sura." Akaenda kwa mama yake mbio kumwambia.

Lala, rafiki yangu. Keji na Poni hawatatoka chini ya paa langu mpaka watake wenyewe. Picha ya Ekiru ninayo, na yako nitaitafuta kwa kila mtu aliyewahi kukupiga picha. Na naahidi kwamba neno picha sitalikata tena katika daftari la mtu yeyote, hata alirudie mara kumi.

Mwalimu wako, na mwanafunzi wako aliyechelewa.